Tumwone Mtoto Anapotenda Mema

Wazazi na walezi wenzangu wa Lizaboni, sisi ni wepesi wa kumwona mtoto anapokosea na wazito wa kumwona anapotenda mema. Hapo ndipo malezi yetu yanapopwaya, nyumbani na shuleni.

Mtoto wa darasa la tatu anatumwa dukani jioni kununua chumvi na kibiriti. Anarudi mbio, anamkabidhi mama chenji kamili kwa mikono miwili. Mama, macho yakiwa kwenye sufuria, anaipokea na kuifunga kwenye pindo la kanga bila neno. Siku chenji ikipungua shilingi 200, mtaa mzima unasikia. Shuleni nako, mstarini husomwa majina ya watoro na wachelewaji. Aliyeokota kalamu ya mwenzake akaipeleka kwa mwalimu wa zamu hatajwi. Mtoto wa namna hii ataona uaminifu una faida gani?

Wapo watakaosema, "Sisi tulichapwa, tukawa watu." Ni kweli tulichapwa. Lakini palikuwa pia na bibi aliyetukalisha akatuonya kwa hadithi, na mzee aliyetuombea baraka tulipomtua mzigo. Tumeikumbuka fimbo, tukawasahau hao. Tena Serikali yenyewe imeiwekea fimbo mipaka. Kanuni za mwaka 2002 zinataka viboko shuleni visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza adhabu isiyolingana na umri wa mtoto na hali yake ya mwili na akili, au inayotolewa kwa mtoto asiyeweza kuelewa sababu yake. Shabaha ni mtoto aelewe. Anayechapwa bila kuelezwa hujifunza kujificha tu.

Wengine watasema sifa hudekeza. Sifa ya ovyo hudekeza, naam. Lakini mwambieni, "Mwanangu, umerudisha chenji yote. Ahsante, ndiyo maana nakutuma wewe." Hapo amejua alichofanya na kwa nini kimependeza. Wala hahitaji pipi. Anayelipwa kwa kila wema ataanza kuuliza malipo kabla ya kutii. Akikosea, aonywe faraghani na arekebishe alichoharibu: aliyevunja ndoo ya jirani aende na mzazi wake kuomba radhi, kisha amchotee jirani huyo maji.

Zaidi ya yote, wakubwa tuwe na kauli moja. Wakati wa kuvuna mahindi, mzazi humzuia mtoto shambani, kisha humfundisha kumwambia mwalimu kwamba alikuwa na homa. Kesho mtoto huyo akimdanganya baba yake, anatandikwa. Nani aliyemfundisha? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na matendo yetu humlea zaidi kuliko maneno yetu.

Basi, wazazi, leo kabla watoto hawajalala, kila mmoja atajiwe jema moja alilolifanya. Walimu, semeni mstarini pia habari ya waliotenda vyema. Na kikao cha wazazi kikiitishwa, akina baba nasi tufike, tusiwaachie akina mama peke yao, na tukishauliza alama za hesabu, tuulize pia, "Mwalimu, mwanangu anaishije na wenzake?"