Vibarua wapewe maji na kivuli



Nataka kutoa maoni yangu kuhusu vibarua wanaoanguka kwa joto mashambani. Najua wasomaji wengi watashangaa kusikia jambo hili likitoka Mbulu, kwani wilaya yetu inasifika kwa baridi. Lakini baridi hiyo ndiyo inayotuponza.

Huku juu mtu huzoea kulima amevaa sweta. Msimu ukifika, vijana huteremka Yaeda Chini, au huenda hadi mashamba ya vitunguu ya Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi wilayani Karatu, ambako jua halina mzaha. Wenzetu wa Hanang nao hukusanya chumvi kando ya Ziwa Balangida, peupe kabisa. Mwili uliozoea baridi huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto. Sisi huanza kazi nzima siku ya kwanza, tena kwa kipande: ukipumzika, umejipunja mwenyewe.

Nilipokuwa kibarua bondeni, mwenzangu mmoja, mgeni wa siku ya pili, alianza kusema maneno yasiyoeleweka saa saba mchana. Msimamizi alidhani amelewa, akaamuru aachwe alale. Tulipomgusa alikuwa wa moto kama chungu. Tulimvuta kivulini, tukammwagia maji ya mfereji mwili mzima na kumpepea, kisha tukampeleka zahanati. Alipona, lakini kwa bahati tu. Je, wangapi huachwa walale?

Mwaka 2024 Shirika la Kazi Duniani lilieleza kuwa wafanyakazi zaidi ya bilioni 2.4 hukabiliwa na joto kali kila mwaka, na karibu 19,000 hufa. Nchini Oman, kazi za juani husimamishwa kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, Juni hadi Agosti.

Hapa kwetu sheria si ngeni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya dakika 60 anapofanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Ile ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya watu wake. Taabu ni kwamba kibarua wa siku hana mkataba mkononi, na wengi wetu hatuzijui sheria hizo.

Kwa hiyo napendekeza serikali za vijiji ziwape wenye mashamba masharti kabla ya msimu. Kazi ianze alfajiri na isimame jua linapokuwa utosini. Pawepo turubai la kivuli, na maji ya kutosha kila mtu kunywa kikombe kila baada ya dakika 20. Mgeni apewe kazi nusu siku za kwanza. Wasimamizi wafundishwe kwamba anayepayuka juani ni mgonjwa, si mlevi.

Wenye mashamba watasema hiyo ni gharama. Nami nawauliza: mtu aliyelazwa hospitali atawavunia vitunguu gani?

Kibarua wa Zamani,
Dongobesh, Mbulu.