Chanjo ya Malaria: Umma Hushirikishwa Katika Sayansi kwa Madhumuni Gani?

Mnamo Septemba 2019, Kenya ilianza kutoa chanjo ya malaria ya RTS,S katika Kaunti ya Homa Bay, miezi michache baada ya Malawi na Ghana. Oktoba 2021, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza chanjo hiyo itumiwe kwa upana zaidi barani Afrika. Hata hivyo, mafanikio ya chanjo hayategemei maabara pekee. Yanategemea pia jinsi mwananchi anavyoshirikishwa, na ushirikishwaji huo una madhumuni matatu.

La kwanza ni kumpa mwananchi habari kamili. Chanjo hii hupunguza malaria, hususan malaria kali, lakini haiizuii kabisa. Mzazi asiyeelezwa mpaka huo anaweza kuacha kutumia chandarua. Siku mtoto atakapougua, atahisi amedanganywa, na shaka yake itaenea hadi kwa chanjo nyingine zote.

La pili ni kusikiliza. Kenya ilianza kwa ratiba ya dozi nne: mtoto akiwa na miezi 6, 7, 9 na 24. Kati ya dozi ya tatu na ya nne palikuwa na zaidi ya mwaka mzima. Mama asiporudi, sababu yaweza kuwa umbali wa kituo, msimu wa palizi, au kumwona mtoto ni mzima. Majibu hayo hayapatikani katika takwimu za majaribio. Hupatikana kwa kumuuliza mama mwenyewe na kurekebisha huduma ipasavyo.

La tatu ni kuamua kwa pamoja. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa katika Kifungu cha 10, na Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari. Kwa hiyo, baraza linaloitishwa baada ya uamuzi kukamilika ni tangazo tu, na ni vyema liitwe hivyo.

Madhumuni haya yakichanganywa, imani hupotea: wananchi hualikwa kutoa maoni, kumbe wameitwa kuhutubiwa. Kipimo cha ushirikishwaji, basi, si idadi ya waliohudhuria, bali ni kile kilichobadilika baada ya wao kusikilizwa.