Mkulima si Kizuizi cha Daraja

Eti wenye mashamba ndio wanaochelewesha madaraja ya vijijini kwa tamaa ya fidia! Mwenzangu aliyeandika hivyo hajaisoma sheria. Kifungu cha 40 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka fidia ya haki, kamili na ya haraka. Mwaka 2019 Bunge likairuhusu serikali kutwaa ardhi kwanza, ilipe ndani ya mwaka mmoja. Huku Kibomet, Trans Nzoia, mwaka ni msimu mzima wa mahindi, na karo haingoji. Tena huku si ajabu hati miliki kuwa bado kwa jina la marehemu babu. Urithi usipokamilishwa mahakamani, hundi italipwa nani? Tume ya Kitaifa ya Ardhi ianzie hapo, kabla tingatinga halijang'oa ua wa mtu.