Kuchunga sauti si kuificha



Mara nyingi katika mikutano yetu tunasikia neno hili: "Nyimbo za bazee, afazali bazungu njo bachunge. Sisi tungeharibisha." Wanaosema hivyo ni watu waliosoma, na hawasemi kwa ubaya. Lakini sisi tunakataa. Na ili tusigombane kwanza juu ya mambo ya hapa, tutoe mfano wa mbali, wa Mississippi, Marekani.

Mwezi wa Agosti 1941, Alan Lomax wa Library of Congress na John Work, profesa mweusi wa Chuo Kikuu cha Fisk, walifika kwenye shamba kubwa la pamba la Stovall, karibu na Clarksdale. Wakamkuta dereva wa trekta, McKinley Morganfield, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Muddy Waters. Wakanasa sauti yake nyumbani mwake, wakamsikilizisha papo hapo. Baadaye alisimulia kwamba siku ile ndipo alipoamini kuwa yeye pia ni mwimbaji. Alitumiwa kopi mbili za diski na dola 20, akaipeleka diski kwenye mashine ya muziki ya pale jirani, aisikie tena na tena. Mwaka 1943 akapanda treni kwenda Chicago.

Basi tuulize: ni kitu gani kilimjenga mtu huyu? Je, ni kabati la Washington? Hapana! Ni ile kopi iliyorudi mkononi mwake. Nyimbo zake nyingine nyingi za 1941 na 1942 zilibaki zimefungiwa. Nyingi zilitoka kwenye diski mwaka 1966 tu. Mkusanyo kamili ukatoka 1993, miaka kumi baada ya kifo chake. Mzee Henry Sims, mpiga violini aliyenaswa pamoja naye, alikufa 1958. Yeye hata hiyo ya 1966 hakuiona. Na maandishi ya profesa Work yalipotea ndani ya makaratasi ya wengine, yakachapwa kitabu mwaka 2005, naye alikwisha kufa tangu 1967.

Mtu atasema: bila Lomax, hakungekuwa hata na kitu cha kufungia. Ni kweli, hatubishi, na tunamshukuru. Lakini kuchunga ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kurudisha. Leo wauzaji wanaandika juu ya diski za namna ile: "nadra, haijapata kutoka", kana kwamba kufichwa ni sifa. Nani aliificha? Kwa nini? Hayo hawaandiki.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1952 Hugh Tracey alinasa gita ya Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, Likasi ya leo. "Masanga" ilitoka kwenye diski, ikavuka mipaka, na wapiga gita wa Kenya wakaiga vidole vyake. Kama ingefungiwa, nani angemwiga? Ilitoka, njo maana iliishi.

Lakini tusiwalaumu wazungu peke yao. Katika nyumba zetu pia mna makabati. Kaseti ya marehemu babu iko chini ya kitanda, utepe unaoza kwa unyevu, na ukiomba kopi unajibiwa: "Iyi ni ya famille, hatupane." Kumbe famille yenyewe haina hata mashine ya kuisikiliza! Halafu tunasimama mkutanoni kulalamika kwamba utamaduni unapotea.

Tunadai mambo matatu, kwa wageni na kwetu sisi sawasawa. Anayenasa sauti ya mzee, ampe mzee kopi akiwa hai; kama amekufa, wapewe watoto wake. Majina yaandikwe yote, hata ya yule aliyepiga chupa nyuma. Na kaseti zilizo nyumbani zitolewe, zinakiliwe, zisikilizwe na vijana.

Ndugu msomaji, usituambie kwamba una hazina. Ilete tuisikie, maana wazee walioimba humo wengine bado wako hai, na hawatatungoja.