UCHAMBUZI: Neema ya samoni yaweza kuwa balaa kwa sturjoni wa mto Fraser

KILA ifikapo Septemba, mto Fraser ulio magharibi mwa Kanada hupokea wageni wake wa jadi. Samoni waliokulia katika bahari ya Pasifiki huingia mtoni na kupanda mkondo kwa mamia ya kilomita hadi kwenye vijito walikozaliwa, wakataga mayai katika changarawe na kufia papo hapo. Nyuma yao, kwenye vina vya mto, hufuata sturjoni, samaki wa kale asiye na magamba, ambaye hujishibisha kwa mizoga na mayai ya samoni hao kabla ya baridi kali kuingia. Na nyuma ya wote wawili huja mwanadamu na nyavu na mishipi yake.

Msimu wa 2025 ulikuwa wa heri. Wataalamu walikuwa wamekadiria kwamba samoni wekundu, wajulikanao kama sokai, wangerejea wakiwa karibu milioni 3 pekee. Waliorejea walipita milioni 9. Kwa wavuvi ambao nyavu zao zilikuwa zimekauka kwa misimu kadhaa, hiyo ilikuwa habari ya kutia moyo. Lakini kila neema ya samoni huzua swali ambalo wasimamizi wa mto huo wamekuwa wakilikwepa kwa muda mrefu: nyavu zinapomiminwa majini kwa ajili ya samaki mmoja, ni nani anayemhesabu yule wa pili?

Ili kufahamu uzito wa swali hilo, yafaa kutazama maisha ya samaki hawa. Sokai wengi huishi miaka minne tu. Wakiharibikiwa mwaka mmoja, kizazi kingine kinakuja mwaka unaofuata. Sturjoni mweupe wa Fraser ni kiumbe wa namna nyingine kabisa. Anaweza kuishi zaidi ya miaka 100 na kufikia urefu wa mita 6. Jike huchukua takriban miaka 20 au zaidi kabla ya kutaga mayai kwa mara ya kwanza, na baada ya hapo hupumzika miaka kadhaa kabla ya kutaga tena. Huenda wako sturjoni mtoni leo ambao walikuwa hai mwaka 1914, wakati wajenzi wa reli walipoporomosha mawe katika korongo la Hells Gate na karibu waufunge mto wote kwa samoni.

Historia inaonyesha jinsi samaki wa aina hii anavyoisha upesi. Katika miaka ya 1890 wafanyabiashara waligundua kwamba nyama yake na mayai yake, yanayotengenezewa kaviari, vina soko. Mwaka 1897 zilivuliwa takriban tani 500. Haikupita hata miaka 10 kabla ya biashara hiyo kuporomoka kwa kukosa samaki. Karne nzima haikutosha kuwarejesha walivyokuwa.

Hofu ilirudi mwaka 1993 na 1994, pale sturjoni wakubwa kadhaa walipopatikana wakielea wamekufa katika sehemu ya chini ya mto bila sababu iliyothibitishwa. Serikali ilipiga marufuku kumtwaa sturjoni yeyote. Jamii za Stó:lō, ambao jina lao lenyewe lina maana ya mto, zilikubali kwa hiari kuacha chakula walichorithi kwa mababu.

Marufuku hiyo ingalipo. Kinachoruhusiwa ni kumvua sturjoni kwa ndoana isiyo na kijino cha kumzuia kuchomoka, kumpiga picha, kisha kumwachilia. Kutokana na ruhusa hiyo imezuka biashara nono. Watalii kutoka pembe zote za dunia hulipa mamia ya dola kwa siku ili kupambana na samaki aliye mzito kuliko wao. Vuli ndiyo kilele cha shughuli hiyo, kwa kuwa ndipo sturjoni anapokula kwa pupa, na chambo kinachopendwa ni mayai ya samoni.

La kustaajabisha ni kwamba wavuvi hao hao wa starehe ndio wanaotegemewa kuhesabu samaki. Tangu mwishoni mwa miaka ya tisini, waelekezaji wa watalii na watu wa kujitolea wamekuwa wakiwatia sturjoni vifaa vidogo vya utambulisho chini ya ngozi na kurekodi kila anayenaswa tena. Bila kazi yao, maarifa kuhusu sturjoni wa Fraser yangekuwa haba mno. Wakati huo huo, kumbukumbu hizo zinaonyesha kuwa wako samaki wanaonaswa mara nyingi katika maisha yao, na kila mara samaki hutumia nguvu ambazo angezihitaji kwa kutaga mayai.

Kumbukumbu hizo pia zimefichua jambo la kutisha zaidi: idadi ya sturjoni wachanga katika sehemu ya chini ya mto imekuwa ikishuka. Mtalii haoni hilo. Anachokiona ni samaki mkubwa aliye mwishoni mwa mshipi wake, naye hurudi nyumbani akiamini kwamba mto umejaa. Ni sawa na mgeni anayepita kijijini, akawakuta wazee wengi barazani, asitambue kwamba shule ya kijiji haina watoto.

Kuhusu anayestahili lawama, kila upande unaunyooshea mwingine kidole. Wavuvi wa starehe hulaumu nyavu za kutega zinazomnasa samoni kwenye matamvua. Sturjoni mchanga ana safu za mifupa yenye ncha kali ubavuni na mgongoni, hivyo hujitatanisha ndani ya nyavu hizo hata kama si yeye aliyekusudiwa. Sheria inataka aachiliwe, ila anayeachiliwa baada ya kukaa wavuni usiku kucha si sawa na aliyeachiliwa baada ya dakika chache.

Jamii za wenyeji nazo zina hoja zao, tena zenye msingi wa kisheria. Mwaka 1984 mvuvi wa jamii ya Musqueam, Ronald Sparrow, alikamatwa katika mdomo wa Fraser kwa kutumia wavu mrefu kuliko ulioruhusiwa. Kesi yake ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Kanada, ambayo mwaka 1990 iliamua kwamba baada ya mahitaji ya uhifadhi, uvuvi wa wenyeji kwa chakula na mila unatangulia ule wa biashara na wa starehe. Wenyeji hushangaa basi, na si bila sababu, kwamba wao waliacha kumla sturjoni kwa ajili ya uhifadhi, ilhali mtalii anaendelea kumchezea kwa fedha.

Ipo njia ya kati, ambayo itawachekesha wavuvi wa Kenya. Baadhi ya wavuvi wa Fraser hutumia juya la kukokotwa hadi ufuoni. Hapa Kenya zana hiyo imepigwa marufuku tangu 2001 kwa sababu hukomba hata vitoto vya samaki na kuharibu mazalio. Katika Fraser husifiwa, kwa kuwa samaki hubaki hai majini mpaka mvuvi achague wa kutwaa na wa kuachilia. Tatizo ni kwamba juya linahitaji ufuo mzuri na watu wengi, na si kila mvuvi ana vyote viwili.

Hata hivyo, kiini cha tatizo hakiko kwenye zana. Kiko kwenye mgawanyo wa mamlaka. Uvuvi wa samoni unasimamiwa na serikali kuu. Kwa sokai na samoni wa pinki, maamuzi ya kufungua na kufunga msimu hupitia jopo maalumu la mto Fraser lililo chini ya mkataba wa samoni kati ya Kanada na Marekani wa 1985. Msimu unapopamba moto jopo hilo hupitia takwimu karibu kila wiki. Ni utaratibu wa kupigiwa mfano. Ila sturjoni hayumo katika majukumu yake. Leseni za kumvua sturjoni hutolewa na serikali ya mkoa wa British Columbia, nayo sheria ya viumbe walio hatarini ni ya serikali kuu. Samaki mmoja ana mabwana wawili, na anayeamua ni nyavu ngapi zitashushwa njiani mwake halazimiki kumuulizia.

Kamati ya wanasayansi inayoishauri serikali ya Kanada ilipendekeza mwaka 2012 kwamba sturjoni wa sehemu ya chini ya Fraser atambuliwe kuwa hatarini. Pendekezo hilo halijamwingiza katika orodha ya kisheria. Sababu si ngumu kuidhania: akiorodheshwa, itakuwa kosa kumuua au kumsumbua, na biashara ya watalii pamoja na nyavu nyingi za samoni zitakuwa mashakani.

Wanaopinga kuorodheshwa hutaja Nechako, tawimto la Fraser, ambako sturjoni amelindwa na sheria hiyo tangu 2006 bila mafanikio makubwa. Ukweli wa Nechako hauwasaidii sana. Huko bwawa lililokamilika mwaka 1952 kwa ajili ya umeme wa kiwanda cha aluminiamu lilibadilisha mtiririko wa maji, na tangu mwishoni mwa miaka ya sitini karibu hakuna sturjoni wachanga wanaofanikiwa kukua. Kituo cha kuwazalisha kilifunguliwa katika mji wa Vanderhoof mwaka 2014. Septemba 2022 sturjoni wakubwa wasiopungua 10 walipatikana wamekufa huko. Mwaka huo huo mahakama ya mkoa ilikubali kwamba bwawa limewadhuru samaki, lakini ikasema kampuni husika ilifuata idhini ya serikali. Mahakama ya rufaa iliongeza mwaka 2024 kwamba serikali ina wajibu wa kulinda haki ya wenyeji ya kuvua. Tatizo la Nechako ni maji, na orodha pekee haiwezi kurudisha maji. Sehemu ya chini ya Fraser haina bwawa kwenye mkondo wake mkuu. Huko ndiko sheria ingeweza kufanya kazi mapema.

Wala samoni mwenyewe si wa kutumainiwa kila mwaka. Mwaka 2009 walitarajiwa sokai zaidi ya milioni 10 na wakaja karibu milioni 1.5, jambo lililoilazimu serikali kuunda tume ya Jaji Bruce Cohen, ambayo ilitoa mapendekezo 75 mwaka 2012. Mwaka 2010, tume ikiwa bado inafanya kazi, walikuja karibu milioni 28. Mwishoni mwa 2018 jabali liliporomoka huko Big Bar na kuziba njia, na mwaka 2020 walirejea chini ya 300,000, idadi ndogo kuliko zote tangu kumbukumbu zianze kuwekwa. Kwa mabadiliko ya ghafla kiasi hiki, mvuvi anayepata mwaka mwema huona ni haki yake kufidia miaka ya njaa. Shinikizo la kufungua uvuvi huwa kubwa zaidi pale samoni wanapokuwa wengi, na ndipo sturjoni naye anapokuwa amekusanyika mtoni kula.

Mwaka 2026 ni zamu ya mzunguko mkubwa wa sokai wa mto Adams, ambao huja kila baada ya miaka minne na kilele chake huonekana Oktoba. Jopo lina takwimu za kuongoza uvuvi wao wiki baada ya wiki. Sturjoni jike atakayeanguliwa mwaka huo katika changarawe za kati ya Hope na Mission hatarajiwi kutaga mayai yake ya kwanza kabla ya takriban 2046, wakati mzunguko huo wa sokai utakuwa umekwisha kurudi mara tano zaidi, na nyavu pamoja nao.