Fuvu la Kalenga na ukuta wa wakfu



Ndugu msomaji, asafiriye kwa barabara kuu kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya au Zambia hana budi kupita kijijini kwetu Ruaha Mbuyuni. Akishaliacha bonde la mibuyu, basi hupunguza mwendo, na vijana wetu hulikimbilia wakiwa wamebeba vitunguu vilivyofungwa kwenye nyavu nyekundu. Magari ya watalii nayo hupita hapa hapa, vioo vimefungwa, yakielekea Iringa na Hifadhi ya Ruaha. Hayo hayasimami, labda tairi likipasuka.

Mwezi Mei kamati ya msikiti ilipokea barua kutoka kwa kijana mmoja wa mtaa wetu, fundi wa kuandika mabango ya maduka. Aliomba ruhusa ya kuchora ukuta wa nyuma wa vibanda vya wakfu, ule unaotazama barabara, bila malipo ila gharama ya rangi. Alitaka kumchora Mkwawa, amesimama na mkuki, ukubwa wa ukuta mzima. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: Iringa mjini wanavuta wageni kwa historia ya Wahehe, nasi tulio mlangoni mwa mkoa hatuna hata kibao cha kumfanya mgeni ashuke na kununua kitunguu.

Mimi ndiye mwandishi wa mihutasari, na muhtasari wa usiku ule ulinichosha mkono. Wazee walikataa palepale: picha ya mwanadamu juu ya mali ya wakfu, hatua chache kutoka mihrabu, haiwezekani. Vijana wakauliza mbona picha za wagombea hubandikwa ukuta huohuo kila uchaguzi na hakuna anayezibandua. (Swali hilo lilikuwa la haki, na halikujibiwa.) Mzee mmoja aliyeishi Unguja kwa miaka mingi akasema kwamba Mji Mkongwe, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, watu wanatoka mbali kuutazama, na kinachowasimamisha vichochoroni ni milango ya mbao iliyonakshiwa maua na minyororo, ambayo haina sura ya mtu. Kijana mwingine akamkumbusha kwamba Unguja hiyohiyo Beit al-Ajaib iliporomoka sehemu mwaka 2020, kwa hiyo sifa peke yake haishikilii ukuta. Tukaahirisha. Kwa kuwa likizo ya Juni ilikuwa karibu, nikapendekeza wanafunzi wakubwa wa madrasa wapelekwe Iringa wakaone mji unavyoionesha historia yake, kisha turudi kwenye ukuta wetu.

Wazazi wawili walinifuata kwa faragha. Wa kwanza, mama wa watoto watatu, alihofia sanamu. Wa pili alikuwa na jambo zito zaidi. Alisema, “Ustadhi, Mkwawa alijiua. Tutawapeleka watoto wakamtukuze mtu aliyejiua?” Nilimjibu kwamba hatuendi kumtukuza mtu. Hukumu yake iko kwa Mola wake, nasi tuliobaki tuna la kujifunza. Qur'ani yenyewe inatuhimiza mara nyingi kutembea katika ardhi na kutazama yaliyowafika waliotutangulia. Alikubali shingo upande, kisha akaamua kuja mwenyewe, jambo lililonifurahisha.

Tuliondoka baada ya Alfajiri, watoto ishirini na watatu na watu wazima wanne. Tulipanda Kitonga polepole nyuma ya malori, tukapita Ilula penye nyanya, kisha tukasimama Lugalo. Wengi wetu tumepita pale mara mia bila kugeuza shingo. Ndipo mahali ambapo tarehe 17 Agosti 1891 mashujaa wa Kihehe walivizia jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, wakamuua pamoja na askari wake zaidi ya mia mbili. Mnara uliopo uliwekwa na Wajerumani kuwakumbuka watu wao. Watoto walilishangaa hilo: walioshindwa vita ndio wenye mnara! Nikaona niwaambie na lile ambalo halipendezi. Askari wengi waliokufa upande wa Mjerumani walikuwa Wasudani walioajiriwa kutoka Misri, na miongoni mwao walikuwamo Waislamu. Historia hii hatuna haki ya kuisimulia kana kwamba sisi tulikuwa upande mmoja tu.

Mjini Iringa tulianzia kwenye Boma. Jengo hilo la Wajerumani lilifunguliwa kama makumbusho mwaka 2016 kupitia mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa, kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Nawapongeza kwa dhati. Wangeweza kuliacha libomoke, au kuligeuza hoteli. Badala yake mtoto wa mkulima wa vitunguu anaingia chumba alimokaa mtawala, anasoma habari za babu zake. Limo pia duka la kazi za mikono, na tulichokiona ni kwamba mgeni hununua zaidi kitu akishasimuliwa habari zake. Mji una mengine ya kuonesha: jiwe la Gangilonga, michoro ya kale ya miambani huko Igeleke, na zana za mawe za Isimila. Hata jina Iringa latokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome. Hatukuwa na muda wa kuyazunguka yote, kwa kuwa tulitaka kuwahi Kalenga.

Hapo Kalenga ndipo palipokuwa ngome ya Mkwawa, ambayo Wajerumani waliiteka mwaka 1894. Yeye aliponyoka, akapigana vita vya msituni karibu miaka minne, mpaka alipojipiga risasi mwezi Julai 1898 huko Mlambalasi ili asikamatwe. Wajerumani wakakikata kichwa chake. Kiwiliwili kikazikwa, kichwa kikapelekwa Ulaya. Leo fuvu lililorudishwa limo ndani ya jumba dogo la makumbusho pale Kalenga, nyuma ya kioo.

Kuna jambo kuhusu fuvu hilo ambalo chuoni hatukusomeshwa, nami nililijua ukubwani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliofunga Vita Vikuu vya Kwanza, una kifungu cha 246. Kifungu hicho kimoja kinaitaka Ujerumani itimize mambo mawili ndani ya miezi sita. La kwanza ni kumrudishia Mfalme wa Hijaz Mus'haf asili wa Khalifa Uthman (r.a.), uliodaiwa kuchukuliwa Madina na watawala wa Kituruki na kupewa Kaiser Wilhelm II. La pili ni kuikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa. Mus'haf wa Khalifa na kichwa cha mtu wa Kalenga, katika kifungu kimoja! Nilipowasomea watoto habari hiyo nje ya makumbusho, hata yule mzazi aliyekuwa na shaka alisogea karibu.

Miezi sita hiyo ikawa miaka thelathini na mitano. Gavana Edward Twining ndiye aliyekwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen na kulichagua fuvu miongoni mwa mafuvu mengi yaliyokuwa yamehifadhiwa, kwa kulinganisha vipimo vya vichwa vya watu wa ukoo na kwa alama ya risasi. Mwaka 1954 alimkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi.

Tuliingia kwa makundi. Nilikuwa nimewaagiza waingie kimya, kama waingiavyo makaburini, wala wasichukue picha. Mbele yetu walikuwapo wageni wawili wa kigeni waliokuwa wakipigana picha wakitabasamu, fuvu likiwa nyuma yao. Sikuwalaumu, maana hakuna aliyewaambia vinginevyo. Ndipo binti mmoja wa miaka kumi na moja akanivuta kanzu na kuniuliza, “Ustadhi, mbona hawajamzika?”

Sikuwa na jibu la haraka. Fiqhi niliyosoma inasema wazi kwamba mwili wa maiti una heshima ileile ya mwili wa aliye hai, na kwamba kumharakishia maziko ni haki yake juu yetu. Wala heshima hiyo haikuwekewa mpaka wa dini. Mtume (s.a.w.) alisimama jeneza la Myahudi lilipopita, na alipoulizwa alikumbusha kwamba hiyo nayo ni nafsi. Kwa msingi huo nilimwambia binti yule kwamba mimi, kama ningeulizwa, ningesema azikwe, kichwa kiungane na kiwiliwili Mlambalasi, na kwenye kioo kibaki kisa chake.

Hata hivyo, katika safari yetu alikuwamo mzee wa Kihehe, muumini wa safu ya kwanza, na hakuniacha nimalize. Akasema, “Mwanangu, kichwa hiki kilikaa nchi ya watu miaka hamsini na sita. Wazee wetu waliambiwa hakipo, kisha wakaambiwa hakijulikani. Leo ukikifukia, kesho mjukuu wangu ataambiwa hakikurudi kamwe. Hapa kila mtu anakiona kwa macho yake.” Hoja yake ina uzito. Kwa ukoo ule kioo hakikuwekwa kwa ajili ya watalii. Ni ushahidi wa dhuluma na wa haki iliyodaiwa mpaka ikapatikana. Mwenye kauli ya mwisho ni wao, si katibu wa msikiti wa Ruaha Mbuyuni.

Ila bado nina neno kwa wanaoutangaza utalii wa mkoa wetu. Ushahidi wa ukoo ukigeuzwa chambo cha mabango na vipeperushi, maana yake inabadilika. Wako wanaotilia shaka kama fuvu lililochaguliwa Bremen ndilo hasa. Nami nauliza: ikiwa silo, ni la nani? Basi litakuwa ni la mtoto wa mtu mwingine wa nchi hii, aliyechukuliwa bila jina, na sasa anapigwa picha kwa jina la mwenzake. Katika hali zote mbili, kibao kidogo mlangoni cha kuomba utulivu na kukataza picha za tabasamu kisingepunguza mgeni hata mmoja. Naamini kingemfanya aelewe ameingia mahali gani.

Tulipata Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya, tukashuka Kitonga jua likizama. Watoto walilala, isipokuwa yule binti.

Wiki iliyofuata kamati ilikutana tena baada ya Isha. Safari hii tulimwita fundi mwenyewe aketi nasi, jambo ambalo tungelifanya tangu mwanzo. Nilieleza kwamba Ibn Abbas (r.a.) alipojiwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa kuchora, hakumfukuza. Alimwelekeza achore miti na visivyo na roho. Mzee wa Unguja akacheka, akasema, “Na kijiji chenyewe kinaitwa Mbuyuni, mnatafuta nini tena?” Kijana alinyamaza kitambo. Ilionekana wazi kwamba Mkwawa wake wa mkuki alikuwa amemchora tayari kichwani na ilimuuma kumwacha. Kisha akauliza kama mbuyu unaweza kuwa na mizizi ifikayo chini kabisa kwenye msingi, na mto ukapita kati ya mizizi hiyo. Tukamwambia unaweza.

Upande wa kulia yatakaa maandishi. Tulibishana kuhusu hayo kuliko mchoro. Mwishowe tulikubaliana: jina la kijiji, kwamba mbele, baada ya Ilula, msafiri ataufikia uwanja wa vita wa Lugalo, kwamba hapa pana maji ya udhu, choo safi na mahali pa kuswali, upande wa wanawake ukiwa na mlango wake, na kwamba vyoo na maji ni kwa kila msafiri, awe wa dini yoyote. Kipengele cha choo safi kiliongezwa na akina mama, nao walisema wazi kwamba kisiandikwe mpaka choo chenyewe kiwe hivyo. Kwa hiyo rangi ya maandishi inasubiri saruji ya choo. Waumini walioahidi mifuko wanaombwa wasisahau.

Mbuyu umekwisha kuchorwa nusu. Jumanne basi la Mbeya lilisimama, na abiria kadhaa walishuka kuutazama kabla hata ya vitunguu kuwafikia. Binti yule ameniletea karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, barua kwa wahusika wa makumbusho, akiomba kibao cha utulivu mlangoni. Ameacha nafasi chini kwa ajili ya sahihi ya katibu, na mzee wa Kihehe ameniambia nisitie sahihi peke yangu, kwani naye anataka jina lake liwepo.