Acheni kukata miguu Land Rover ya watu

Haya wadau, nimepotea kidogo, si mnajua tena UE na foleni za kutoa kopi. Leo siongelei boom wala maharage ya kantini. Naongelea Land Rover 109, na najua bwenini kwetu kuna watakaonuna. Wanune tu.

Nyumbani Iringo, pale Musoma, mjomba wangu ana 109 Series III. Siyo ya maonyesho. Siku za mnada inabeba watu na magunia kuelekea vijiji vya Butiama, siku nyingine inabeba dagaa. Sasa kuna fundi kamshauri akate mbele pote, afungiwe saspensheni ya Hiace, eti iwe laini kama gari ya kisasa. Milioni tatu na nusu, rangi bado. Mjomba anafikiria kuuza ng'ombe. Nilipolileta suala hili hapa chuoni, wasomi wenzangu wakapiga makofi: "Hayo ndiyo maendeleo!"

Maendeleo gani jamani?

Tuanze na kitu ambacho kinaonekana hata kwa macho. Ile Hiace ya kawaida mnayopanda stendi inasukumwa na matairi ya nyuma. Mbele haina difu. Ukitoa ekseli ya Land Rover ukaweka miguu ya Hiace, umeitoa na difu ya mbele. Yaani umelipa milioni tatu na nusu ili gari inayovuta kwa matairi manne ibaki inavuta kwa mawili. Halafu masika ikinasa kwenye tope jeusi, abiria washuke wasukume, akina mama na magunia yao. Hongera sana.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Zile springi za 109, vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, hazibebi uzito tu. Ndizo zinazoishika ekseli mahali pake isiende mbele, nyuma wala pembeni. Ukiziondoa, kazi hiyo lazima ifanywe na mikono mingine, na mikono hiyo itachomelewa kwenye chesisi ambayo ndani ni mrija uliokula kutu miaka arobaini na zaidi. Na vyuma vya stelingi visipolingana na miguu mipya, kila tairi likiruka shimo gari inajipinda yenyewe bila dereva kugusa usukani. Fundi anapimaje hayo? Kwa kamba na jicho. Nyuma wamekaa watu kumi.

Jamaa mmoja wa injinia (tunakula naye meza moja, hajambo huyo) akaniambia hata Land Rover wenyewe walihamia springi za koili. Kweli kabisa. Range Rover ilitoka nazo 1970, One Ten ikafuata 1983. Lakini msome hadi mwisho basi! Hawakuchukua 109 wakaikata. Walitengeneza chesisi nyingine, wakabaki na ekseli nzima ya mbele inayovuta, wakaifungia mikono ya kuishika. Solihull kwenye kiwanda kizima walianza na chesisi mpya, sisi tunataka kumaliza kazi kwa mashine ya kuchomelea chini ya mwembe!

Nakubali jambo moja. Hiace ina diski mbele na 109 ina breki za dramu, na diski ni bora, hasa gari ikitoka kwenye maji. Sitabisha hapo. Ila breki ni breki, zinaweza kushughulikiwa bila kuichinja gari.

Tena hiyo 109 ya mjomba mnayosema inaruka kama mbuzi, mmeichungulia chini? Mimi nilichungulia likizo. Vyuma vya springi vimeshikana kwa kutu, na kazi yake ni kuteleza kimoja juu ya kingine. Vikishikana, umekalia gogo. Bushi zimekwisha. Shokapu moja haipo kabisa, imebaki bolti. Kile chombo cha kati cha stelingi, kinachokaa ndani ya chesisi pale mbele, kinatakiwa kiwe na oili; kikikauka usukani unakuwa mzito kama pampu ya kisima. Ni kama sisi walimu watarajiwa: darasa halina madawati, tunakaa semina kulaumu mtaala.

Zifumue hizo springi, zisugue, zipake grisi, weka bushi na shokapu mpya. Ukitaka ulaini zaidi zipo springi za vyuma vichache vinene katikati na vyembamba mwishoni, zinafungwa kwenye matundu yale yale, na usipozipenda unazitoa. Chesisi iliyokatwa hairudi.

Lakini tangu lile tamasha la Land Rover la Arusha, Oktoba 2024, kila mtu anataka yake ionekane mpya. Picha zinatoka vizuri, sikatai. Shauri yenu wenye za picha. Mjomba habebi picha.

Nimemwandikia asiuze ng'ombe hata mmoja mpaka hiyo shokapu inunuliwe kwanza na tuiendeshe hadi Butiama na kurudi. Hajajibu. Fundi keshaenda kwake mara mbili wiki hii, na nasikia ile Hiace tayari imeletwa uani.